Ni harambee ipi iliyopigwa marufuku?

Tarehe 5 Julai 2024, siku chache baada ya vijana kuijaza miji ya Kenya kwa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alitangaza hatua kadhaa za kubana matumizi ya serikali. Mojawapo ilihusu michango: kuanzia siku ile, afisa wa serikali na mtumishi wa umma hawakutakiwa kushiriki michango ya hadhara na harambee. Tangazo lilipofika mitaani lilikuwa limeshafupishwa: harambee zimepigwa marufuku. Wakati huohuo familia ziliendelea kukutana ili kulipa bili za hospitali, karo za wanafunzi na gharama za mazishi, na mikutano hiyo nayo inaitwa harambee. Je, nayo ilipigwa marufuku?

Haikupigwa marufuku. Lakini swali lenyewe ni la haki kabisa, kwa sababu neno harambee limebeba maana kadhaa zilizopandiana kwa muda wa miaka sitini, na wanaolitumia huhama kutoka moja kwenda nyingine bila kutoa taarifa. Mwanasiasa akishutumiwa kwa kugawa pesa kanisani hujibu kwamba harambee ni utamaduni wetu. Anayemshutumu hujibu kwamba harambee ni rushwa. Wote wawili wanasema kweli kwa kiasi fulani, na hawazungumzii kitu kimoja. Ndiyo sababu naona inafaa tulifungue neno hili taratibu, maana kwa maana.

Sauti ya kamba

Hapo mwanzo harambee haikuhusiana na pesa hata kidogo. Ilikuwa sauti ya kazi. Watu wanaolipandisha jahazi ufukweni, wanaoinua gogo, wanaosogeza mzigo usiobebeka na mtu mmoja, wanahitaji zaidi ya nguvu. Wanahitaji kuvuta kwa pamoja, sekunde ileile. Watu ishirini wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, kamba haisogei. Basi mmoja hutoa wito, "Haraaambee!", wenzake huitikia "Eee!", na katika ile eee ndipo mikono yote hukaza.

Kwa hiyo e mbili za mwisho wa neno zina kazi yake. Ndizo zenye mvuto. Tahajia ya "harambe" yenye e moja imeenea sana duniani tangu tarehe 28 Mei 2016, siku sokwe mwenye jina hilo alipopigwa risasi katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, baada ya mtoto kuanguka ndani ya eneo lake. Mamilioni ya watu walilisikia neno hili kwa mara ya kwanza siku hiyo, likiwa jina la mnyama aliyeuawa. Kwa Kiswahili tuendelee kuliandika kwa e mbili.

Kuna dai linalorudi kila baada ya muda kwamba neno limetokana na Har na Ambe, majina mawili ya miungu ya Kihindu, na kwamba lililetwa na vibarua kutoka India waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Wapo Wakristo nchini Kenya ambao kwa sababu hiyo hawataki kulitamka. Ushahidi unaotolewa ni mfanano wa sauti, basi. Lakini nyimbo za kazi za Afrika Mashariki zimejaa viitikio vinavyoishia kwa ee na hee, wala hazikuhitaji reli ili ziwepo: wavuvi, mabaharia na wapagazi walikuwa wakivuta na kubeba karne nyingi kabla ya chuma cha kwanza kulazwa Mombasa. Na hata kama siku moja ingethibitishwa kwamba vibarua wa Kihindi waliliimba, anayevuta mtumbwi Lamu akiita harambee hamwabudu mtu. Maana ya neno hukaa kwa wanaolitumia.

Kisarufi, neno lililozaliwa kama wito huwa gumu kidogo kulifuga. Harambee lilipokubaliwa kuwa nomino liliingia ngeli ya I-ZI: harambee ilifanyika, harambee zilifanyika, harambee yetu, harambee zao. Halikuzaa kitenzi. Hatuwezi kusema tuliharambea. Lazima likopeshwe kitenzi cha kulibeba: kuitisha harambee, kuandaa, kufanya, kuendesha, kuongoza. Hili linaonekana dogo, ila lina matokeo. "Waliitisha harambee" inatuambia nani aliita. Haituambii nani alitoa. Kwa hilo Kiswahili kina kitenzi kingine, na nitakifikia.

Kutoka mawe hadi noti

Jomo Kenyatta alipokuwa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni 1963, alilichukua neno la kamba akalifanya wito wa taifa. Alikuwa na taifa jipya lenye makabila mengi, hazina nyembamba, na wananchi waliotarajia shule na zahanati mara moja. Katika mikutano aliita "Harambee!" na umati ukaitikia, kama ufukweni. Neno likawekwa kwenye utepe chini ya nembo ya taifa, pale wanaposimama simba wawili wenye mikuki na ngao yenye jogoo aliyeshika shoka. Baadaye likawa jina la barabara ya ofisi za serikali jijini Nairobi, la jengo la ofisi ya rais, na la timu ya taifa ya kandanda, Harambee Stars. Hii ndiyo maana ya pili: kaulimbiu. Mchezaji anayevaa jezi ya Harambee Stars hachangishi chochote.

Lakini Kenyatta hakubuni desturi yenyewe. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba walikuwa na mwethya, Abagusii walikuwa na risaga: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anatoa chakula. Hata kuchanga pesa kwa ajili ya elimu kulikuwepo kabla ya 1963. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 chini ya Peter Mbiyu Koinange, kilijengwa kwa michango iliyokusanywa kwa marika, kila rika likitaka lisishindwe na rika jingine. Hakuna aliyekiita harambee wakati huo. Kitu kilikuwepo, jina likakikuta.

Tofauti kubwa ni kwamba ngwatio, mwethya na risaga zilikuwa za jasho. Usipofika shambani, kutokuwepo kwako kunaonekana. Ukifika, mgongo wako na wa tajiri vinainama pamoja. Miaka ya kwanza ya uhuru ilianza hivyohivyo: kina mama walibeba maji na mchanga, wanaume walichimba misingi na kuchonga mawe. Ila mabati hayachongwi, saruji haichotwi mtoni, na mwalimu wa fizikia anataka mshahara mwisho wa mwezi. Shule ilipofika kwenye paa, jasho liliishia hapo na pesa zikaanza kuhitajika. Watoto wa kijiji waliokuwa na ajira Nairobi, Mombasa na Nakuru hawakuweza kuja kuchimba msingi siku ya Jumanne, lakini waliweza kutuma noti. Hivyo, pasipo mtu yeyote kuamua, harambee ilihama kutoka mikononi kwenda mfukoni.

Hapo ikazaliwa maana ya tatu, ile ambayo Mkenya wa leo huifikiria kwanza: hafla ya kukusanya pesa. Na hafla hizo zilijenga. Katika miaka ya 1960 na 1970 shule za sekondari za harambee zilienea kila mkoa hadi zikazipita za serikali kwa idadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maeneo mbalimbali yalishindana kuanzisha vyuo vya ufundi kwa michango, na baadhi ya vyuo hivyo sasa ni vyuo vikuu: kile cha Kakamega kilichoitwa WECO ndicho kilichokua na kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kina mizizi katika michango ya wananchi wa huko. Anayesema harambee ni ulaghai tu asahau kwanza darasa alimosomea mama yake.

Ila wazazi hao walijua pia hesabu nyingine. Mara nyingi kijiji kilijenga kuta na paa haraka ili serikali, ikishaona jengo limesimama, iletewe shinikizo la kupeleka walimu. Kijiji chenye mtu mkubwa Nairobi kilisikilizwa mapema. Kisichokuwa naye kilibaki na kuta. Kwa hiyo tangu miaka ya kwanza, mchango mkubwa zaidi katika harambee ungeweza kuwa jina la mtu, wala si pesa yake.

Meza ya mbele

Aliyewahi kukaa kwenye harambee ya shule au kanisa anaujua mpangilio. Wiki kadhaa kabla, kadi zimesambazwa, kila kadi ina mistari ya majina na kiasi, na aliyeibeba ana wajibu wa kuirudisha imejaa. Siku yenyewe kuna hema, viti vya plastiki, kwaya, na meza ya mbele yenye kitambaa. Kwenye meza hiyo anakaa mgeni wa heshima, ambaye Tanzania angeitwa mgeni rasmi. Kabla hajafika, vikundi vya kina mama vinatoa bahasha zao. Kisha mnada: kuku, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, mbuzi. Mtu ananunua kuku kwa bei ambayo sokoni angepata kundi zima, kisha anamrudisha kuku ili auzwe tena. Kila anayetoa anatajwa jina kwa kipaza sauti, na kiasi chake.

Kutaja majina kuna faida yake. Ni risiti ya hadhara. Mhazini akisema jioni kwamba zimepatikana kiasi fulani, watu mia mbili wamesikia kila shilingi ikitajwa na wanaweza kujumlisha. Katika mahali pasipo na mkaguzi wa hesabu, kipaza sauti ndicho mkaguzi. Lakini kipaza sauti hichohicho huweka ngazi. Bibi aliyetoa shilingi hamsini za mauzo ya sukuma wiki husikika na kusahaulika ndani ya sekunde moja. Waswahili walishasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mpangilio wa hafla unafanya kinyume kabisa.

Mwisho anasimama mgeni wa heshima. Anasema maneno ambayo kila Mkenya anaweza kuyamalizia: mimi na marafiki zangu tumeleta kiasi fulani. Sentensi hii ndiyo kiini cha matatizo yote yaliyokuja kulipata neno harambee. Marafiki hao ni nani? Ni mkandarasi anayengoja zabuni? Ni mkuu wa idara ambaye amepewa kadi na bosi wake na hawezi kuirudisha tupu? Ni pesa za umma zilizozungushwa? Hakuna anayeuliza, kwa kuwa kwaya imeshaanza kuimba.

Hapo neno limepinduka bila kubadilika herufi hata moja. Kwenye kamba, kila mtu alivuta na hakuna aliyetazama. Kwenye hema, mmoja anavuta na mia mbili wanatazama, kisha wanapiga makofi. Wanaotoka pale hawakumbuki kwamba wamejenga darasa. Wanakumbuka kwamba wamejengewa, na aliyejengewa ana deni. Deni hilo linalipwa siku ya kura.

Katika utawala wa Daniel arap Moi, 1978 hadi 2002, jambo hili lilipanuka hadi likawa mfumo. Kiongozi alipimwa kwa uzito wa bahasha yake. Na upande wa chini, mchango uligeuka kuwa lazima: watumishi walikatwa mishahara, wafanyabiashara walitembelewa, na mwananchi aliyefika kwa chifu kutafuta huduma angeweza kuulizwa kwanza kama amechangia. Mchango unaodaiwa kwa nguvu una jina lake katika lugha yoyote, nalo ni ushuru. Lakini uliendelea kuitwa harambee, na wengi wa kizazi kile hadi leo wakilisikia neno hili husikia kwanza mlango ukibishwa.

Changa, changia, changisha

Nilisema kuna kitenzi kingine. Ni kuchanga, na ukoo wake mzima umepangika vizuri kiasi kwamba ungetosha kuondoa nusu ya utata.

Kuchanga ni kutoa fungu lako pamoja na wenzako. Ndani ya kitenzi hiki mna wengi tayari: mtu hawezi kuchanga peke yake, akiwa peke yake ametoa. Kuchangia kunaongeza mahali mchango unapoelekea: kuchangia matibabu, kuchangia harusi. Kuchangisha ni kuwafanya wengine wachange, na ndiyo kazi ya kamati na ya mwenye kipaza sauti. Kuchangiwa ni hali ya mgonjwa, maharusi au mfiwa. Mchango ni kile kilichotoka kwa mtu mmoja. Uchangishaji ni shughuli nzima. Harambee, kwa matumizi ya sasa, ni tukio ambamo uchangishaji unafanyika.

Jaribu sasa kuzipitisha habari za kila siku katika chujio hili. "Waziri alichangisha shilingi milioni tano" maana yake watu wengine walitoa. "Waziri alichanga" maana yake alitoa fungu akiwa mmoja wao. "Waziri alitoa" ndiyo tu aliyoyafanya mara nyingi. Magazeti na redio hutumia vitenzi hivi vitatu kana kwamba ni kimoja, na msomaji hajui kama pesa zilitoka mifukoni mwa watu wengi au kwenye mkoba mmoja. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Watanzania, kwa maoni yangu, wameilinda tofauti hii vizuri zaidi, labda kwa sababu harambee kwao halikupata kuwa neno la dola. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 nafasi hiyo ilichukuliwa na ujamaa na kujitegemea. Kwa kazi za jasho wanalo msaragambo, lililotoka milima ya kaskazini mashariki. Harambee huko ni hafla rasmi tu, ya kujenga kanisa, bweni au msikiti, yenye mgeni rasmi na ahadi za papo hapo. Lakini harusi haifanyiwi harambee. Harusi ina kamati, vikao, mwenyekiti, mhazini na michango, na kiwango hujulikana mapema, cha kadi ya mtu mmoja na cha kadi ya watu wawili. Aliyefiwa hupewa rambirambi. Wanaozungushiana fedha kwa zamu wako kwenye upatu au mchezo, ambao Mkenya angeuita chama. Kila jambo na jina lake.

Hata hivyo Tanzania nayo ilipata somo lake la neno linalosafisha kitu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila ambao mgombea angeweza kuwafanyia wapiga kura. Takrima ni neno zuri, lina heshima ya mgeni na mwenyeji ndani yake. Lilipoingia kwenye sheria likawa mlango wa mwenye pesa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Neno lenyewe halikuwa na kosa, na bado tunalitumia kwa wageni wetu.

Inavutia kwamba upande wa pili wa bahari neno harambee limebaki na maana yake ya kamba. Katika sherehe za Kwanzaa, zilizoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, Wamarekani Weusi huliita kwa sauti kama wito wa umoja. Katika programu za Freedom Schools za Children's Defense Fund, watoto huanza siku kwa kipindi kinachoitwa Harambee, cha nyimbo na kutiana moyo. Mtoto wa huko ukimwambia harambee ni kikao cha kutoa pesa atashangaa.

Sheria ilipolishika neno

Kenya ina sheria ya michango ya hadhara tangu 1960, kabla ya uhuru, inayotaka kibali kwa anayekusanya pesa kwa umma. Lakini hatua ya kulishika neno harambee kwa jina lake ilikuja na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, mara tu baada ya Moi kuondoka. Sheria hiyo, iliyokuja kufutwa mwaka 2025, ilimkataza afisa kutumia ofisi au mahali pake pa kazi kuomba au kukusanya michango, na ilimkataza kutumia cheo chake kuwatoa watu pesa. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini neno harambee lilibaki humo bila kutafsiriwa, likatiwa s ya wingi, na lilisomeka kana kwamba harambee ni kile kinachokusanywa. Basi hii ni maana ya nne: pesa zenyewe. Kutoka sauti, kwenda kaulimbiu, kwenda hafla, hadi noti ndani ya bahasha.

Mwaka huohuo wa 2003 yalifanyika mambo mawili yaliyopunguza haja ya harambee kuliko katazo lolote: elimu ya msingi ikawa bila malipo, na Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge ikaanzishwa. Darasa lililokuwa likingoja mgeni wa heshima lingeweza sasa kujengwa kwa kodi. Kwamba baadhi ya wabunge huzindua darasa hilo kana kwamba limetoka mfukoni mwao ni mjadala mwingine.

Kisha simu ikafanya jambo ambalo sheria haikuweza. M-Pesa ilianza Machi 2007. Julai 2011, njaa ilipokuwa ikiwaua watu na mifugo Turkana, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kukusanya shilingi milioni 500 katika muda wa wiki nne, na lengo likapitwa. Wananchi wa kawaida walituma kwa simu kiasi walichokuwa nacho. Hapakuwa na hema wala meza ya mbele. Siku hizi familia yenye mgonjwa hufungua kundi la WhatsApp, inateua mhazini, inabandika namba ya kutumia, na orodha ya majina inasogezwa kila anapoongezeka mtu. Kipaza sauti kimebaki, kwa umbo la orodha, lakini jina la kwanza na la mwisho yana ukubwa sawa wa herufi. Kwa macho yangu hii ndiyo harambee iliyo karibu zaidi na ile ya ufukweni tuliyowahi kuwa nayo tangu pesa ziingie.

Ina hatari zake. Picha ya mgonjwa huibwa na kuzungushwa na tapeli mwenye namba yake mwenyewe. Aliyefukuzwa kazi anaona aibu kuliacha kundi kimya. Na familia moja inaweza kuwa katika makundi matano kwa wakati mmoja, kwa sababu hospitali bado inakataa kumtoa mgonjwa, au hata maiti, kabla bili haijalipwa. Michango inafunika pengo ambalo bima ya afya ilipaswa kulifunika, na ukarimu wa watu usitumiwe kuficha hilo.

Turudi sasa kwenye tangazo la Julai 2024. Mwaka huo ulipelekwa Seneti mswada wa kusimamia uchangishaji wa hadhara. Novemba, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, zikiwamo shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri, akisema kanisa lisitumiwe kujitangaza kisiasa. Na Machi 2025 Rais huyohuyo alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, vijana wakarudi barabarani. Katika matukio yote hayo, sioni palipokuwa na kuchanga. Palikuwa na mtu mmoja aliyetoa, kwa cheo, mbele ya kamera. Kiswahili kinaruhusu kusema alitoa zawadi, alitoa msaada, au kama ushahidi upo, alitoa hongo. Kusema alifanya harambee ni kumkopesha heshima ya kina mama waliobeba mchanga.

Kwa hiyo anayeandika habari, anayetafsiri sheria, au anayetunga kanuni za kanisa lake anaweza kujiuliza maswali mawili tu kabla ya kuandika neno hili: waliotoa ni wangapi, na walitoa mbele ya nani? Mbunge aliyefiwa na jirani akatuma shilingi elfu mbili kwenye kundi la watu mia moja, jina lake likiwa la arobaini na tatu katika orodha, amechanga kama mwanakijiji yeyote, na sheria isimguse. Akifika siku ya mazishi na elfu mbili zilezile, akaomba kipaza sauti kabla jeneza halijateremshwa, hilo ni jambo jingine, na ndilo mswada unapaswa kulitaja kwa jina lake.